Angola ya Louisiana: Chuo ndani ya gereza ambalo wengi hawatoki

Barabara namba 66 katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, haina mahali pa kutokea. Inaanzia karibu na mji mdogo wa St. Francisville, inapita kwenye vilima vyenye misitu kwa takribani kilomita 30, kisha inaishia getini. Mbele ya geti hilo ni Gereza la Jimbo la Louisiana, ambalo wenyeji hulifahamu zaidi kwa jina moja tu: Angola.

Kwa mama anayetoka New Orleans na watoto kwenda kumwona baba yao, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Simu inabaki kwenye gari. Watu wanapekuliwa, watoto nao wanapekuliwa, kisha wote wanapanda basi la gereza ambalo huwapeleka kambi baada ya kambi. Dirishani haionekani picha ya gereza ambayo mtoto ameizoea kwenye filamu. Yanaonekana mashamba: mahindi, soya, pamba, bamia, kabichi. Ng'ombe na farasi wapo. Katikati ya mashamba kuna majengo mafupi yaliyozungushiwa waya, na kwa mbali minara ya makanisa.

Eneo lote ni ekari 18,000, kubwa kuliko kisiwa cha Manhattan, kitovu cha jiji la New York. Pande tatu limezungukwa na mto Mississippi. Upande wa nne ni vilima vya Tunica vyenye nyoka na vichaka. Ndani yake kuna hata kijiji cha watumishi, ambako askari magereza huishi na familia zao na kulea watoto wao.

Wafungwa wamekuwa wakihesabiwa kwa maelfu, na zaidi ya nusu yao wamehukumiwa kifungo cha maisha. Louisiana, maisha maana yake ni maisha. Zamani mfungwa wa maisha mwenye tabia njema aliweza kutoka baada ya miaka 10 na miezi sita, lakini utaratibu huo ulifutwa katika miaka ya 1970. Tangu hapo, asipopata msamaha wa gavana au ushindi mahakamani, atazeekea Angola na kufia Angola.

Mahali kama hapo, mtu anaweza kuuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza kabla ya kulipa ada: elimu ya chuo ni ya nini kwa mtu ambaye hatatoka?

JINA LILILOTOKA AFRIKA

Jina Angola halikuja kwa bahati. Kabla ya kuwa gereza, ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya Isaac Franklin, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa nchini Marekani katika karne ya 19. Shamba mojawapo liliitwa Angola, na inaelezwa kuwa liliitwa hivyo kwa sababu watumwa waliolilima, au wazazi wao, walitoka pwani ile ya Afrika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulipigwa marufuku kwa badiliko la 13 la Katiba. Lakini badiliko hilo liliacha upenyo mmoja: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Samuel James, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majimbo ya Kusini, akapata mkataba wa kukodi wafungwa wa Louisiana na kuwafanyisha kazi, wengi wao weusi. Jimbo lilichukua gereza mikononi mwake mwaka 1901, na kilimo kikaendelea.

Kwa miaka mingi ulinzi ulifanywa na manyapara, yaani wafungwa waliopewa bunduki kuwalinda wafungwa wenzao. Mwaka 1951 wafungwa zaidi ya 30 walijikata kano za visigino kwa nyembe ili wasiweze kupelekwa shambani na ili watu wa nje wasikie kilio chao. Mwaka uliofuata jarida la Collier's liliiandika Angola kuwa gereza baya kuliko yote Marekani.

Hata leo wapo wanaolima kwa mkono chini ya ulinzi wa askari wenye silaha, kwa malipo yanayoanzia senti 2 za dola kwa saa. Mwaka 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho aliagiza wakuu wa gereza wachukue hatua za kuwakinga watu hao dhidi ya joto kali la kiangazi. Kwa hiyo anayesoma habari za makanisa na chuo cha Angola asisahau ardhi hiyo imepitia nini.

RUZUKU ILIPOFUTWA

Kabla ya mwaka 1994, mfungwa wa Marekani asiye na fedha aliweza kusoma chuo kwa ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ile ile inayowasaidia vijana wa familia maskini walio nje. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria kubwa ya kupambana na uhalifu, na ndani yake kilikuwamo kifungu kilichowaondolea wafungwa ruzuku hiyo. Vyuo vingi vilivyokuwa vikifundisha magerezani vilifunga madarasa.

Mwaka 1995 Burl Cain alianza kazi kama mkuu wa gereza la Angola. Alikuwa na maelfu ya wanaume wasio na matumaini ya kutoka na hakuwa na fedha za kuwasomesha. Msaada ulitoka kwa Wabaptisti. Seminari ya Theolojia ya Kibaptisti ya New Orleans, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikubali kufungua tawi ndani ya gereza. Kwa kuwa Katiba ya Marekani inaitenga serikali na dini, gharama zililipwa na makanisa na wahisani.

Si kozi ya Jumapili mchana. Anayeomba lazima awe amemaliza sekondari au awe na cheti cha kulingana nayo, jambo ambalo wengi walioingia gerezani wakiwa vijana hawakuwa nalo. Kwa hiyo kabla ya kuiota shahada, wapo walioanza upya na hesabu za kugawanya na kusoma kwa sauti. Akikubaliwa, mfungwa husoma Agano la Kale na Jipya, historia ya kanisa, Kigiriki, uandishi, kuhubiri na ushauri wa kichungaji. Shahada ya kwanza huchukua takribani miaka minne, kama ilivyo kwa aliye nje. Wahitimu sasa ni mamia.

Masomo ni ya Kibaptisti, lakini darasa halikufungwa kwa Wabaptisti peke yao. Wamesoma Wakatoliki, wamesoma pia Waislamu. Kwa baadhi yao ilikuwa ndiyo nafasi pekee ya chuo waliyoiona tangu kuzaliwa.

MCHUNGAJI ANAYELALA BWENINI

Kinachoitofautisha Angola na magereza mengine yenye madarasa ni kazi anayopewa mhitimu. Magereza mengi yana mchungaji aliyeajiriwa, anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Angola inao pia. Lakini mhitimu wa seminari naye hupangiwa kambi na kuitumikia kama mchungaji, huku akibaki mfungwa. Anakula chakula kile kile na kulala bweni lile lile, na anahesabiwa usiku kama wenzake. Makutaniko kadhaa ndani ya gereza yanaongozwa na wafungwa wenyewe.

Kazi yao kubwa haifanyiki mimbarini. Mojawapo ni kupeleka taarifa za msiba. Mama wa mfungwa anapofariki nje, mara nyingi anayekwenda kukaa pembeni ya kitanda na kumweleza ni mchungaji mfungwa. Msomaji wa Afrika Mashariki anajua uzito wa kazi hiyo. Kwetu habari ya msiba haitupwi tu kwa mtu, huandaliwa, na anayeipeleka huchaguliwa. Pale Angola aliyefiwa huenda asiende kuzika wala kukaa matanga. Mtu huyo mmoja aliyekaa naye usiku ule ndiye matanga yake.

Wengine hutumwa kama wamisionari kwenda magereza mengine ya Louisiana. Wanahamishwa wakiwa wafungwa vile vile, na kwenda kuanza huduma mahali ambako hawajulikani.

Mfano huo umeenea. Seminari hiyo hiyo ilianzisha masomo katika gereza la Parchman, jimbo la Mississippi. Texas ilifuata mwaka 2011 katika gereza la Darrington, kwa kushirikiana na seminari nyingine ya Kibaptisti. Angola haikuwa ya kwanza kabisa, kwani huko New York gereza la Sing Sing limekuwa na masomo ya uzamili ya theolojia tangu mwaka 1982.

WODI YA MWISHO

Katika gereza la watu wa kifungo cha maisha, uzee ni ugonjwa wa kila siku. Kuna saratani, ini lililoharibika, mapafu, kisukari na moyo. Wengi wa wagonjwa hawa wamekaa ndani miaka mingi kiasi kwamba wazazi wao wamekufa, ndugu wamechoka na barua zimekoma.

Mwaka 1998 Angola ilianzisha huduma ya tiba shufaa kwa wagonjwa wasioweza kupona, na wanaokaa nao ni wafungwa wa kujitolea waliopewa mafunzo. Wanamwogesha mgonjwa, wanamgeuza asipate vidonda vya mgongo, wanamlisha kijiko kwa kijiko na kumsomea. Zinapokaribia saa za mwisho hawamwachi hata dakika moja, hupokezana zamu usiku na mchana. Filamu ya "Serving Life" ya mwaka 2011, iliyosimuliwa na mwigizaji Forest Whitaker, inaonyesha kazi hiyo.

Mtu aliyewahi kumuuguza mzazi nyumbani atatambua kazi hizi zote. Tofauti ni kwamba hapa anayebadilisha nepi ya mgonjwa ni mwanamume aliyehukumiwa kwa mauaji, na anayebadilishwa si baba yake. Kwa baadhi ya waliojitolea, huyo ndiye mtu wa kwanza waliyewahi kumtunza maishani.

Mgonjwa akifa na asipochukuliwa na ndugu, huzikwa makaburi ya Point Lookout, humo humo gerezani. Majeneza yanatengenezwa na wafungwa kwenye karakana. Inasimuliwa kwamba zamani yalitumika masanduku hafifu, mpaka siku moja sanduku lilipasuka kwenye mazishi na mwili ukaanguka, na baada ya hapo likatolewa agizo kwamba watu wazikwe kwa heshima. Leo jeneza la mbao hubebwa kwenye gari la kukokotwa na farasi, nalo limetengenezwa na wafungwa.

Sifa ya mafundi hao ilivuka geti. Mhubiri mashuhuri Billy Graham na mkewe Ruth walizikwa katika majeneza ya mbao za kawaida yaliyotengenezwa Angola. Ruth alifariki mwaka 2007 na Billy mwaka 2018. Jeneza la Billy Graham lilipowekwa katika jengo la Bunge mjini Washington ili watu watoe heshima za mwisho, viongozi wa taifa walisimama mbele ya kazi ya mikono ya wafungwa.

BABA WA SAA CHACHE

Miongoni mwa wafungwa wa Angola wako akina baba wengi. Baadhi waliwaacha watoto wakinyonya, na watoto hao sasa wana watoto wao.

Utafiti mkubwa wa afya uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliangalia mambo ya utotoni yanayohusiana na magonjwa ya ukubwani, kama ya moyo, na pia sonona na ulevi. Miongoni mwa mambo hayo, pamoja na kupigwa na kuishi na mlevi, uliweka kuishi katika nyumba ambayo mtu wake amefungwa. Haina maana kwamba mtoto wa mfungwa lazima aharibikiwe. Maana yake ni kwamba amebeba mzigo, na mizigo ikiongezeka bila mtu mzima wa kumsaidia, mwili nao unalipa.

Angola kuna kundi la akina baba linaloitwa Malachi Dads, lililoanzishwa chini ya huduma ya Kikristo ya Awana. Jina limetoka katika mlango wa mwisho wa kitabu cha Malaki, unaozungumzia mioyo ya baba kuwageukia watoto na ya watoto kuwageukia baba zao. Wanaume hao hukutana kujifunza malezi: jinsi ya kuandika barua ambayo mtoto ataielewa, jinsi ya kuomba radhi bila kujitetea, na jinsi ya kumheshimu mama au bibi anayelea.

Huduma hiyo pia imekuwa ikiandaa siku maalumu ambayo watoto huletwa gerezani kukaa na baba zao kutwa nzima. Siku hiyo hakuna meza katikati wala kioo. Kuna michezo, chakula, mpira, na mtoto kubebwa mabegani. Kwa mtoto aliyezoea ukumbi wa wageni na askari anayetazama saa, kukimbizana na baba kwenye majani ni jambo geni.

Jioni hufika. Watoto hupanda mabasi na akina baba hubaki.

Hapo ndipo swali la elimu linapopata jibu lake la kwanza. Baba huyu hawezi kulipa ada wala kumpeleka mtoto kliniki. Anachoweza kumpa ni barua iliyoandikwa vizuri na neno la kweli kuhusu kosa lake, na labda habari kwamba amefaulu mtihani wa Kigiriki akiwa na miaka 45. Mtoto aliyekuwa akisikia tu kwamba baba yake ni muuaji anapata sentensi ya pili ya kusema juu yake. Ya kwanza haifutiki, wala haipaswi kufutwa, kwa sababu kuna familia nyingine mahali fulani yenye kiti kitupu mezani.

MASWALI YANAYOBAKI

Wapo wanaolitazama jambo hili kwa mashaka, na mashaka yao yana msingi.

La kwanza ni uhuru wa imani. Kama kwa miaka mingi njia kuu ya kupata shahada gerezani ilikuwa seminari ya Kikristo, je, asiyeamini alikuwa na nafasi sawa? Na anayeamini, ameamini kweli au ametafuta bweni zuri? Wafungwa wenyewe huuliza swali hilo la pili, na kwa kuwa wanaishi pamoja saa 24, mnafiki hugundulika haraka.

La pili ni sifa. Mara nyingi inasemwa kwamba seminari ndiyo iliyotuliza vurugu za Angola. Ukweli ni mpana zaidi. Vurugu zilianza kupungua kabla ya chuo, baada ya mahakama ya shirikisho kuingilia kati katika miaka ya 1970 na kulazimisha mabadiliko, yakiwamo ya kuwaondoa manyapara wenye bunduki. Seminari ilikuja kuongeza juu ya hapo.

La tatu linahusu afya. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho aliamua kwamba huduma ya matibabu ya Angola ilikuwa mbovu kiasi cha kuvunja Katiba. Gereza linaweza kuwa na watu wema wa kumshika mkono anayekufa, na wakati huo huo likawa halimpimi mapema yule ambaye angepona. Kumsali mgonjwa na kumtibu ni kazi mbili, na zote zinadaiwa.

Kuhusu elimu yenyewe, ushahidi ni mzuri. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti nyingi za Marekani na kutoa ripoti mwaka 2013. Iligundua kuwa kwa wafungwa walioshiriki elimu gerezani, uwezekano wa kurudi kwenye uhalifu ulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko kwa wasioshiriki. Julai 2023, karibu miaka 30 baada ya kufutwa, ruzuku ya Pell ilirudishwa kwa wafungwa, na mlango ukafunguka tena kwa vyuo vya aina mbalimbali, si vya dini tu.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Katika gereza la Luzira, Uganda, Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2002, alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani. Kesi iliyobeba jina lake, pamoja na wenzake zaidi ya 400, iliifanya Mahakama ya Juu mwaka 2009 ikubali kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Alitoka gerezani mwaka 2016. Wafungwa wa Kamiti, Kenya, nao wamesomea sheria kwa njia hiyo hiyo.

Kigula alitoka. Wahitimu wengi wa Angola hawatatoka, na wanajua hivyo siku wanayojiandikisha. Jibu la pili la swali la elimu liko hapo: hawasomi kwa ajili ya kazi ya kesho. Wanasoma kwa ajili ya mzee aliye kitanda cha jirani, kijana aliyeletwa jana akiwa na miaka 19 na hasira, na mtoto anayesubiri barua.

MWISHO WA SIKU

Mzazi unayelea mtoto ambaye baba, mama au mjomba wake amefungwa, huenda umewahi kumwambia kwamba amesafiri kikazi. Wengi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mtoto huja kuusikia ukweli shuleni, kwa mdomo usio na huruma. Ni afadhali aambiwe na anayempenda, kwa maneno ya umri wake: yuko gerezani kwa sababu alifanya kosa, si kosa lako, na anakukumbuka. Kama inawezekana na ni salama kwake, aende kumwona au amwandikie.

Saa za kutembelea zikiisha Angola, basi hurudi getini likipita mashamba yale yale. Mama hukusanya vitu vyake, watoto wamechoka, mwingine amelala. Wanapanda gari na kushika barabara namba 66, ambayo kwa wakati huo ina upande mmoja tu wa kwenda. Nyuma yao, katika bweni lenye makumi ya vitanda, baba anahesabiwa kisha anafungua daftari. Kesho kuna mtihani.